Mstari wa Nne

Barua pepe imeingia saa tatu asubuhi, na nje bado giza.
Tampere mwezi Desemba: jua ni mgeni wa mchana,
hata koti havui.
Watafsiri wamekwama, inasema.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja
Kaisla anampenda mlinzi wa mnara wa taa.
Mlinzi huyo ni mwanamume au mwanamke?
Tafadhali jibu kabla ya Ijumaa.

Miaka sita nimemwandika Kaisla.
Nimempa nyundo, kovu la paji la uso,
woga wa farasi,
kicheko kinachoanzia puani.
Wenzangu wamempa mitindo tisa ya nywele
na buti zinazolia tofauti juu ya barafu na juu ya mbao.
Mlinzi nilimpa neno moja tu, *hän*,
neno letu la mtu yeyote,
neno lisilompekua mtu mlangoni.
Anaingia humo mjomba, anaingia shangazi,
anaingia yule unayemwota.
Nikamficha humo kama pesa ndani ya soksi.

Wala sikuanza na Kaisla.
Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipomwambia mama kwa simu:
sikukuu ya kiangazi naenda ziwani na mtu.
Anapika?
Anapika.
Anakujali?
Ananijali.
Lugha ilinibebea mzigo, mama hakuuliza uzito.
Miaka kumi na saba tumezungumza hivyo.

Pirkka anavuta kiti, anapuliza kahawa.
"Mchezaji achague mwenyewe. Kitufe hiki mwanamume,
hiki mwanamke, kila mtu aridhike."
Si wazo baya. Michezo ya namna hiyo ninayo nyumbani, naipenda.
Lakini Kaisla amevuka milima mitatu kwa miguu,
na hakuvuka kumfuata yeyote atakayetokea.
"Tutapoteza wanunuzi."
Huenda.
Tulikwishawapoteza wale waliokasirika
kwamba mhunzi ana mikono minene.

Nafungua faili. Ile barua ndani ya chupa,
anayoiokota Kaisla akiwa amebakiwa na robo ya uhai:

*Taa nimekuwashia, kioo nimekifuta,*
*Theluji ikizidia, sauti itakuvuta,*
*Kiti nimekuachia, na supu inatokota,*

Hapo nilikuwa nimekomea.
Mistari mitatu, kama kigoda kilichokatwa mguu,
na kwa miaka sita hakuna aliyelalamika.
Vidole ni baridi. Naandika wa nne:

*Ni mwanamke, sikia, ndiye anayekuita.*

Kisha najibu barua pepe. Mwanamke. Anaitwa Ilta.
Naenda kusimama dirishani.
Chini, mto unapita kando ya kiwanda cha zamani cha pamba,
unatoa mvuke kama ng'ombe.

Jumamosi mama anapiga simu kutoka Kuusamo.
Ana miaka sabini na mitatu, nyonga mpya ya chuma,
na kila toleo la mchezo ninalomtumia
analicheza kuliko vijana tunaowalipa.
"Nimeisoma ile barua," anasema.
Nasikia redio yake, kijiko kikizunguka kikombeni.
"Huyo wa mnara ni mwanamke."
Ndiyo, mama.
Kijiko kinasimama.
"Mwaka ule ulipita hapa ukitoka ziwani,
ukasahau buti za mpira barazani. Jozi mbili.
Moja niliijua, nilikununulia mimi.
Ya pili namba thelathini na saba, ina maua ya njano."
Sina la kusema. Redioni wanatangaza theluji ya kesho.
"Nimezipaka mafuta kila vuli, mpira usipasuke.
Nilidhani mtazifuata."

Halafu anakohoa, anarudi kwenye yaliyompigisha simu:
"Sasa niambie, ule mlango wa ghala unafunguliwaje?
Tangu jana naupiga nyundo."